Mtoto wa kilo moja na nusu na wimbo wa mama: muziki unasaidia wapi, na unaishia wapi?

Tiba ya muziki inazungumziwa sana sasa katika habari za afya. Ku hospitali fulani za Ulaya na Marekani, watu waliosomea kazi hiyo wanaingia na gitaa ndani ya chumba cha watoto waliozaliwa mbele ya wakati, wanaimba polepole pembeni ya kuvezi. Video zao zinatembea ku simu. Wazazi wa Kongo wanaziona, na wengine wanauliza: je, wimbo unaweza kweli kuokoa mtoto wa kilo moja na nusu? Na kama unaweza, mbona ku maternite za hapa hakuna?

Jibu lina sehemu mbili. Muziki peke yake hauokoi mtoto. Lakini sauti ya mama, ikiimbwa polepole wakati mtoto yuko kifuani mwake, ni sehemu ndogo ya malezi ambayo yanaokoa kweli. Na ku hospitali nyingi za Kongo, kabla ya kutafuta gitaa, kuna swali la kwanza: mama mwenyewe yuko wapi? Mara nyingi yuko inje ya mlango.

Ni watoto gani?

Kwa Shirika la afya ulimwenguni, OMS, mtoto aliyezaliwa na chini ya gramu 2500 anahesabiwa kuwa na uzito mdogo. Chini ya gramu 1500, uzito ni mdogo sana. Mtoto anafika pale kwa njia mbili. Wengine wanazaliwa mbele ya wakati, ni kusema mbele ya wiki 37 za mimba. Wengine wanatimiza miezi yao lakini hawakukomaa vizuri tumboni, juu ya malaria, chakula kidogo cha mama, tansio ya juu ao mimba ya mapacha. Kuna pia wenye shida zote mbili.

Si jambo la watu wachache. OMS na washiriki wake walihesabu kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa mbele ya wakati duniani, karibu mmoja kwa kumi. Matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 ulimwenguni. Hapa Kongo, uchunguzi mkubwa wa afya wa 2013-2014, ule unaitwa EDS, ulionyesha kwamba kwa watoto 1000 waliozaliwa wazima, 104 walikufa mbele ya kutimiza miaka 5, na kati ya hao 28 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza. Ni kusema zaidi ya kifo kimoja kwa vinne kilitokea katika siku za kwanza kabisa.

Mtoto huyu mdogo anauawa na vitu vinavyojulikana. Anapata baridi haraka kwa sababu hana mafuta chini ya ngozi. Sukari yake inashuka kwa sababu hana nguvu ya kunyonya. Mapafu yake hayajakomaa. Microbe kidogo inatosha kumwangusha. Kitu chochote kinachopendekezwa kwake, hata muziki, kinapaswa kupimwa kwa swali hili: kinasaidia wapi kati ya hizo hatari?

Sauti inaingiaje ndani ya mambo haya?

Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, karibu ya wiki ya 25. Kile anasikia ni mapigo ya moyo wa mama, damu inayopita, tumbo linalonguruma, na sauti ya mama mwenyewe. Sauti za juu na kali zinapunguzwa na mwili wa mama na maji. Mwaka 1980, watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba watoto wa siku chache tu wanatofautisha sauti ya mama yao na sauti ya mwanamke mwingine, na wananyonya kwa namna fulani ili waisikie tena.

Sasa chukua mtoto aliyezaliwa na wiki 30. Alipaswa kubakia wiki 10 zingine ndani ya giza na sauti ile laini. Badala yake yuko ndani ya sanduku la plastiki, na mota inanguruma chini yake, alarme inalia, mlango unapigwa, watu wanaongea juu ya kichwa chake. Tangu 1997, shirika la waganga wa watoto la Marekani linashauri kelele ndani ya vyumba vile isipite desibeli 45. Watu wawili wakiongea kawaida tu, wanafikia karibu desibeli 60. Mtoto wa namna hii akishtushwa kila mara, moyo unaenda mbio, pumzi inakatika, na usingizi hauji. Na ni katika usingizi ndipo anakua.

Ndiyo maana waganga walianza kujiuliza: kama kelele inaumiza, je, sauti nzuri inaponyesha?

Utafiti unasema nini kweli

Mwaka 2013, jarida la Pediatrics lilitangaza kazi ya Joanne Loewy na wenzake wa New York. Walifuata watoto 272 waliozaliwa mbele ya wakati, ku hospitali 11. Walitumia wimbo wa kubembeleza uliochaguliwa na wazazi, chombo chenye sauti kama ya maji, na kisanduku cha mbao chenye kupigwa kwa mwendo wa moyo. Mapigo ya moyo ya watoto yalishuka, walitulia zaidi, na kulikuwa mabadiliko mazuri katika kunyonya na kulala. Wazazi vilevile walisema wasiwasi wao ulipunguka.

Ku Italia, ndani ya hospitali ya Aosta, watafiti walifuata watoto 20 wakati walipochomwa sindano ku kisigino juu ya kutoa damu. Mama alipoongea ao kuimba pembeni ya mtoto, dalili za maumivu zilipunguka, na homoni inayoitwa ositosini, ile ya mapendo na utulivu, iliongezeka ndani ya mate ya mtoto. Kazi hiyo ilitokea 2021. Ku Geneva, Uswisi, mwanamuziki Andreas Vollenweider alitunga muziki maalum kwa watoto hawa, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kwa picha za ubongo kwamba waliousikia walikuwa na mawasiliano tofauti ndani ya ubongo, yaliyokaribia yale ya watoto waliotimiza miezi.

Mpaka hapo habari ni nzuri. Lakini msomaji anapaswa kusikia upande mwingine pia. Mradi mmoja mkubwa ulioongozwa kutoka Norwe, wenye jina LongSTEP, ulifuata familia zaidi ya 200 za Argentina, Kolombia, Israeli, Norwe na Poland. Walitaka kujua kama tiba ya muziki inaongeza kifungo kati ya mama na mtoto na kama inapunguza huzuni ya mama. Hawakukuta tofauti ya maana na familia zilizopata malezi ya kawaida. Na mwaka 2023, kundi la Cochrane, lenye kazi ya kukusanya na kuchuja tafiti, lilitazama tafiti 25 zenye watoto zaidi ya 1500. Waliona kwamba muziki na sauti vinatuliza mapigo ya moyo kidogo, lakini haviongezi oksijeni ndani ya damu. Pia hawakuona kwamba ulileta ubaya.

Kwa ufupi: wimbo unatuliza, unaweza kupunguza maumivu ya sindano, unampa mzazi kazi ya kufanya. Hakuna aliyeonyesha kwamba unapunguza vifo. Mtu anayeuzia wazazi CD ao programu ya simu akisema itaokoa mtoto wao, anauza uongo.

Kile kinachookoa kina jina

Kinaitwa njia ya kanguru. Ilizaliwa Bogotá, inchi ya Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi, kuvezi chache, na microbe zilikuwa zinapita toka mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Akaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kanguru anavyobeba mtoto wake. Maana yake njia hii haikutoka katika utajiri. Ilitoka katika upungufu ambao kila munganga wa Kongo anaujua.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mtoto anapaswa kwanza atulie ndani ya kuvezi, kisha apewe mama. Utafiti mkubwa ulibadilisha mawazo hayo. Ulifanyika ku hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na upande wa Tanzania ulikuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto 3211 wenye gramu 1000 hadi 1799 waligawanywa. Kundi moja lilianza kanguru mara moja nyuma ya kuzaliwa. Lingine lilingoja mtoto atulie kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Katika kundi lililongoja, asilimia 15.7 walikufa ndani ya siku 28. Katika lile lililoanza mara moja, ni asilimia 12. Kazi ilisimamishwa mbele ya wakati kwa sababu faida ilikuwa wazi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021.

Mwezi wa Novemba 2022, OMS ikatoa mashauri mapya: kanguru ianze upesi iwezekanavyo, masaa 8 hadi 24 kwa siku, nyumbani ao ku hospitali. Wanaoachwa kando ni watoto wasioweza kupumua wenyewe, wenye kuhitaji mashine ya pumzi ao walio katika hali ya shoki.

Kuna jambo moja ndani ya utafiti ule ambalo halizungumziwi sana. Ili kuanza mara moja, hospitali zile zililazimika kuweka kitanda cha mama ndani ya chumba cha watoto. Watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani karibu masaa 17 kwa siku wakiwa ndani ya chumba kile. Wale wa kundi la pili, karibu saa moja na nusu tu. Maana yake, kabla ya kitu chochote kingine, mlango ulifunguliwa.

Mlango wa hapa

Ku hospitali nyingi za Kongo, chumba cha watoto wadogo kinabakia mahali ambapo mama anaitwa kwa saa ya kunyonyesha tu. Anakuja, anakamua maziwa, anatoka. Anaobaki wakati mwingine analala ku koridori ao chini ya baraza, pamoja na wale wa garde-malade wanaopika chakula. Sababu zinazotolewa ni usafi, mafasi kidogo na wingi wa watu. Sababu hizo si za kuzarau. Chumba chenye kuvezi mbili na watoto watano hakina mahali pa kuweka kiti. Na muuguzi mmoja wa usiku anaogopa kusimamia watoto na mama zao pamoja.

Lakini mama akibakia inje, vitu vyote vinapotea kwa mara moja: joto lake, maziwa yake, jicho lake linaloona mtoto amebadilika rangi, na sauti yake. Hapo hata kama mtu angeleta gitaa, angekuwa anaziba mafasi ya mtu aliyekuwa na haki ya kuwa pale.

Vita vimeonyesha jambo hilo kwa ukali. Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, nyaya zilipigwa, umeme na maji vikakatika. Kuvezi bila umeme ni sanduku la baridi. Kifua cha mama hakiombi umeme wala mazuti ya jenereta. Tangu mwanzo wa mwaka ule ule, misaada ya Marekani iliyokuwa inabeba sehemu kubwa ya kazi za afya na za dharura mashariki mwa Kongo ilisimamishwa. Kwa hiyo kupanga malezi ya watoto hawa juu ya mashine pekee, ni kujenga juu ya mchanga.

Kuna pia shida ya feza. Mpango wa kuzalisha bila malipo ulianzishwa na serkali Kinshasa, Septemba 2023, na unahesabu malezi ya mtoto mchanga hadi siku ya 28. Ni hatua kubwa kwa inchi ambamo mama wengi walizuiliwa ku maternite juu ya fakture. Lakini tufanye hesabu: mtoto aliyezaliwa na wiki 30, siku ya 28 anakuwa na wiki 34 tu. Bado hajafika wakati wa kuzaliwa. Mama wa mtoto huyo ameacha shamba, biashara ya sokoni na watoto wengine nyumbani kwa mwezi mzima. Anakula nini? Nani anampa nguvu ya kuendelea? Mpango wa feza usiojibu maswali hayo utamrudisha nyumbani mapema, na mtoto pamoja naye.

Bukavu inajua kitu juu ya muziki

Muziki kama tiba si jambo geni mashariki mwa Kongo. Ku hospitali ya Panzi, Bukavu, ile ya Daktari Denis Mukwege aliyepata tuzo ya Nobel 2018, kuna programu ambamo wanawake waliopitia ubakaji wanatunga nyimbo zao na kuzirekodi ndani ya studio, pamoja na mtaalamu wa roho na fundi wa muziki. Hapo muziki ni kazi yenye mpango, na watu waliofundishwa ndio wanaoifanya.

Somo la Panzi linasaidia maternite pia. Mama aliyezaa mtoto wa kilo moja mara nyingi ana woga na aibu. Kuna mitaa ambamo anaambiwa mtoto hatapona, asimzoee, hata jina asimpe haraka. Akianza kumwimbia, amekubali kwamba yule ni mtoto wake. Makabila yote ya Kongo yana nyimbo za kubembeleza, kwa Kishi, Kihunde, Kinande, Kirega, Kibembe na zingine. Mama-mkwe anazijua, na hazilipiwi. Hata kama utafiti haukuona huzuni ya mama kupunguka kwa vipimo, kumpa mama kazi anayoijua kuliko munganga si kitu cha bure.

Pale wimbo unageuka kuwa hatari

Simu ndani ya kuvezi: plastiki inarudisha sauti na kuiongeza, na simu yenyewe imepita mikononi, sokoni, ku moto. Inaingiza microbe moja kwa moja. Redio ya muuguzi wa usiku, ikifunguliwa kwa nguvu, ni shida ileile. Na kuna desturi ya kundi la maombi ao chorale kuja kuimba ndani ya chumba cha wazazi. Nia ni njema. Lakini sauti za watu kumi karibu ya mtoto wa gramu 1400 ni kumpiga. Waimbe ku kiwanja, waombe pamoja na mama inje, wamwachie mtoto sauti moja.

Namna ya kufanya haina siri. Mtoto awe kifuani, amefungwa na kikwembe, kichwa kimegeuka upande ili apumue vizuri. Sauti iwe ya chini, kama mtu anayeongea ndani ya chumba ambamo wengine wamelala. Wimbo mmoja, mwepesi, unaorudiliwa, dakika chache. Mtoto akikunja uso, akipanua vidole, akipata kwikwi ao rangi yake ikibadilika, ni kusema amechoka: mama anyamaze, abaki tu naye. Kama mtoto bado ana shida ya pumzi ao ni mdogo sana, muuguzi aulizwe kwanza. Wakati wa sindano, mama aitwe karibu badala ya kutolewa inje.

Na baba? Kanguru haina kabila wala jinsia. Kifua cha baba kina joto vilevile, na sauti yake ya chini mtoto aliisikia tumboni. Wanaume wengi wanaogopa kuchekwa wakionekana wamefunga mtoto kifuani. Lakini mama aliyepasuliwa hawezi masaa 17 peke yake. Baba, dada ya mama, mama-mkwe, kila mmoja anaweza kushika zamu.

Kuomba nini, na kwa nani

Kiti chenye mgongo kinagharimu kidogo sana kuliko kuvezi, na fundi wa mtaa anakitengeneza. Kikwembe kiko nyumbani. Kile kinachoombwa kwa viongozi ni kigumu zaidi kidogo: mafasi ya kitanda cha mama ndani ya chumba, sahani moja ya chakula kwa siku, muuguzi aliyefundishwa kanguru ku kila hospitali ya zoni, na ruhusa iliyoandikwa ku mlango kwamba mzazi anaingia masaa yote akiwa amenawa mikono.

Mambo haya yanaamuliwa karibu. Kila eneo la afya lina kamati ya wakaaji, CODESA, na kila zoni ya afya ina munganga mkubwa wake. Tarehe 17 Novemba ni siku ya dunia ya watoto waliozaliwa mbele ya wakati, siku ambayo hotuba zinakuwa nyingi. Ku mkutano wa CODESA wa mwezi ule, mkaaji anaweza kuuliza swali moja lenye tarakimu: ku maternite yetu, mama wa mtoto mdogo anakaa naye masaa ngapi kwa siku? Jibu likiwa chini ya masaa 8, kazi inajulikana pa kuanzia.